Kikunjo Karibu na Alama ya Mia Mbili

Mei 4
Katika miaka arobaini na mmoja ya kufunga waya kwenye fito za kuvulia samaki, hakuna kikunjo kilichowahi kupita chini ya gumba langu bila kukamatwa. Hilo liandikwe kwanza, kwa wino.

Daftari si langu. Daktari alimwambia Alden, mwenye mashua tunayopelekea wateja kuvua, aandike kila siku alichokula, alikokwenda na alichosahau. Corliss, bintiye, akamnunulia hili lenye jalada la bluu, kalamu imefungwa kwa uzi kama ya benki. Alden akanirushia kifuani. "Andika wewe, Mreno. Mimi nikiweza kuandika nilichosahau, basi sijakisahau." Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililimaliza dirishani nikitazama maji. Lakini naandika.

Mei 5
Lile la jana ni uongo. Vikunjo vimenipita, na tangu baridi ya mwaka huu vinanipita kama wageni wa harusi. Kisukari kimenila ncha za vidole. Gumba la kulia unaweza kulichoma sindano nikaendelea kupiga mluzi. Alden hajui. Westport nzima haijui. Nimeliambia daftari kwa sababu halina mdomo.

Mei 11
Leo tumefunga fito tatu gatini. Daktari akilisoma hili, naye ajifunze kazi za watu, maana yeye ananifundisha namna ya kula mkate.

Kwanza unajaza tumbo la gurudumu, lile la kukunjia mshipi kwenye ufito, kwa uzi wa kusuka. Juu yake unafunga waya wa chuma, futi mia tatu, kwa fundo la mizunguko kumi na moja. Mwisho wa waya unakuja mshipi wa nailoni mnene, futi kumi na tano, halafu kibanio, halafu chambo cha risasi chenye manyoya na ukanda wa ngozi ya nguruwe. Pete za ufito ziwe ngumu, la sivyo waya unazikereza kama msumeno kwenye jibini. Kila baada ya futi hamsini, kuanzia mia, unazungushia utepe wa rangi yake, ili ujue umeachia kiasi gani: futi kumi za waya hukushushia chambo futi moja. Nyekundu ni mia. Njano ni mia mbili.

Hayo hata mjinga anaweza. Kazi yenyewe ni gumba. Waya ukilegea kidogo tu unajikunja, na kikunjo hakinyooshwi. Ukikinyoosha kinajifanya kimepona, halafu siku ya samaki mkubwa kinakatika palepale. Dawa ni moja: kata, sokota upya, hamisha alama. Kwa hiyo mmoja anazungusha mkono wa gurudumu, mwingine anaupitisha waya chini ya gumba lake tupu, futi zote mia tatu. Alden alizungusha. Mimi nilipitisha.

Alilitazama gumba langu mara mbili.

"Leo kimya," akasema. "Kawaida yako unautukana waya."

"Nimeokoka."

"Tangu lini?"

"Tangu nione sura yako asubuhi. Nikajua jehanamu ipo."

Mei 19
Upepo wa kusini-magharibi. Hatukutoka. Supu ya sukumawiki na soseji.

Mei 27
Safari ya kwanza hadi Nguruwe na Wanawe. Ndivyo unavyoitwa ule mwamba, Nguruwe mmoja mkubwa na watoto wake wamelala mstari chini ya maji, na mkondo ukipita juu yao bahari inachemka kama sufuria. Samaki wa milia wanakaa nyuma ya mawe hayo wakingoja chakula kiletwe, kama waume wa mtaa wetu.

Kuupata mstari huo unahitaji alama za nchi kavu, hii ukiiona imekaa juu ya ile ujue umefika. Alden anazijua tangu akiwa kwenye nepi. Mimi nilikuwa nyuma, waya umeachiwa hadi alama ya njano, ninauvuta ufito mbele na kuurudisha, mbele na kuurudisha, kama anayefagia ua kwa hasira, ili chambo kiruke kule chini.

"Serafim," akasema bila kugeuka, "lile paa jekundu tunaliweka wapi?"

Nilicheka. Ni kama mtu akuulize mkewe hulala upande gani wa kitanda. Halafu nikaona shingo yake imekakamaa.

"Juu ya tangi la maji, kobe wewe. Likae kama kofia."

"Nilikuwa nakupima."

"Na nimefaulu. Nipe cheti."

Tukapata sita, na hakuna aliyeimba njiani kurudi.

Juni 2
Paa jekundu tena.

Juni 9
Paa jekundu. Na mnara wa kanisa pia.

Juni 15
Nimetunga wimbo. Unahusu mjane mwenye kofia nyekundu aliyekaa juu ya tangi la maji, akimngoja padri apite nyuma ya msonobari. Padri akishapita, mjane anageuka kushoto na kuinua sketi. Sitaandika yaliyobaki, Corliss amelelewa vizuri. Tukikaribia mwamba naanza kuimba. Wateja wanacheka mpaka wanashika mbavu, na Alden anaweka paa juu ya tangi, anasubiri mnara upite nyuma ya msonobari, anageuza usukani kushoto.

Anasema wimbo ni wa kishenzi. Lakini nikichelewa kuanza, ananiambia, "Leo umekuwa bubu?"

Julai 3
Corliss alikuja nyumbani kwangu na chaza waliojazwa mkate, wale wa mama yake. Mtu akikuletea chakula kabla hujaugua, ujue ana swali.

"Mjomba, niambie kweli. Baba yuko sawa kule nje?"

"Baba yako? Anaijua ile miamba kuliko anavyokujua wewe."

"Jana aliniita Lurana."

Lurana ni mama yake, marehemu, mwaka wa sita sasa.

"Basi amekusifu. Mama yako alikuwa mzuri kukupita."

Hakucheka. "Ukiona kitu utaniambia. Niahidi."

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu, ambaye yuko hai kule Fall River, ana miaka tisini na sita na anacheza karata.

Chaza walikuwa wazuri. Sikuwamaliza.

Julai 8
Ukungu.

Julai 9
Ukungu. Alden amenipigia simu mara tatu kuuliza kama kuna ukungu.

Julai 21
Leo niliwahi, kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe. Miguu ilinikatalia kulala, nikaona niende gatini jua linapochomoza, nimwonyeshe Alden kwamba miujiza ipo.

Alikuwa amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, ufito wangu magotini. Amefumba macho. Waya anautoa kwenye gurudumu na kuupitisha chini ya gumba lake, polepole, kama mtu anayehesabu tasbihi. Akasimama. Akarudi nyuma inchi mbili. Akachukua koleo dogo la kukatia waya, akakata, akasokota upya, akabandua utepe na kuuhamisha. Kipande alichokata akakitia kwenye kopo la kahawa. Akaendelea.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha barafu nikamwangalia akikata vitatu.

Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani na viatu, nikaja tena saa yangu ya siku zote nikipiga mluzi.

"Umechelewa, Mreno."

"Nilikuwa nasali."

Mchana, alipokwenda kujaza mafuta, nililichungulia kopo. Vipande vya urefu wa kidole, vingine vimeshashika kutu ya chumvi. Limekaribia kujaa. Vyote hivyo vimepita chini ya gumba langu na mimi nimesema, "Safi, zungusha."

Mtu hawezi kukumbuka paa jekundu, lakini kila asubuhi anakumbuka kwamba mwenzake hasikii kwa kidole. Na hajasema neno. Alden, ambaye ukimwaga chai kwenye staha anakutangaza bandari nzima.

Nililirudisha kopo lilipokuwa, mpini upande ule ule.

Julai 30
Kumi na moja leo, mmoja wa ratili arobaini. Nimeimba vizuri.

Agosti 6
Imebidi niimbe mara mbili.

Agosti 12
Mara tatu. Mteja mmoja aliniomba ninyamaze.

Agosti 16
Nitaandika yote, kalamu ikiisha nitatumia mkaa.

Tulikuwa na daktari wa meno wa Providence na mkewe. Maji yanapwa, mkondo unakwenda mbio kuelekea magharibi. Nyaya mbili nje, zote futi mia mbili na hamsini. Tukafika kwenye mwamba, ukungu ukashuka, si polepole, kama mtu aliyevuta pazia. Paa likapotea, tangi likapotea. Nikaanza kuimba hata hivyo, mjinga mimi, kana kwamba mjane angetoka kwenye ukungu.

"Wimbo gani huo?" Alden akauliza.

Halafu akaitoa injini kwenye gia.

Sasa wewe daktari wa Alden huwezi kujua, kwa hiyo nakwambia. Waya ukiwa nje husimami. Hata mlevi hasimami. Mashua ikisimama waya unazama wote, ndoana zinakamata jiwe, na mashua inakuwa mbuzi aliyefungwa kwa mkia huku mkondo unamsukumia kwenye meno ya Nguruwe. Ukitia gia, waya unajizungusha kwenye rafadha, zile panga za chini zinazosukuma mashua, na mmekwisha.

Fito zote mbili zikainama pamoja. Mke wa daktari akapiga makofi, alidhani ni samaki.

"Alden, ondoka hapa," nikasema.

Akageuka. Mikono ameiinua mbali na usukani, kama mtu aliyepewa ashike mtoto wa wenyewe. Uso wake ulikuwa na adabu sana. Hilo ndilo lililoniogopesha. Miaka arobaini na mmoja sijawahi kumwona Alden Brightman na adabu.

"Samahani bwana," akasema, "hawa watu ni kina nani? Tunakwenda au tunarudi?"

Nilikata waya wa kwanza. Wa pili koleo liliteleza, sikuhisi nimeshika wapi, nikajikata mkono na sikujua mpaka nilipoona damu kwenye ufito. Nikaukata. Nikamsukuma Alden kwa bega, nikatia gia, nikageuza kushoto kwa kukisia tu. Jiwe lilipita ubavuni, karibu kiasi cha kulitemea mate.

"Mwani ule ni wa kijani sana," mke wa daktari akasema.

Nilimwambia ndiyo mama, msimu huu umestawi.

Njiani Alden alirudi. Sijui alikuwa wapi, lakini alirudi. Akaziona fito mbili hazina kitu.

"Nyaya zimekwenda wapi?"

"Zimekatika."

"Zote mbili?"

"Vikunjo," nikasema. "Vilinipita."

Akaniangalia muda mrefu. Yeye aliyezipitisha kwa gumba lake asubuhi ile ile alijua hakukuwa na kikunjo hata kimoja. Gatini daktari wa meno alimpa mkono, akamwambia hajawahi kufurahi hivi. Hakuna aliyejua ila mimi.

Agosti 17
Sikulala. Nikinyamaza, kesho tunatoka tena.

Agosti 18
Nimemwambia Corliss, jikoni kwake. Nilimwambia la juzi, la wimbo nikameza. Hilo halikuwa lazima. Alilia akiwa amesimama, anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Kuna mahali huko Taunton," akasema. "Wanawatunza vizuri. Ni mbali, mjomba."

"Mimi leseni wameshaninyang'anya. Macho."

"Nitakupitia. Kila Jumapili saa nne nitakupitia, naapa."

Tulipogeuka Alden alikuwa mlangoni. Leo alikuwa yeye mwenyewe, mzima, nywele amechana. Mungu naye ana utani wake.

"Umeniuza, Serafim."

"Nimekuuza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Basi uendelee."

Akatazama sakafu. "Nimekukatia vikunjo tangu Mei. Sijamwambia mtu."

"Najua. Niliona kopo."

Akashika mgongo wa kiti.

"Uliona kopo," akasema, "na bado umeniuza."

Ningeweza kumwambia kuhusu wimbo. Kwamba na mimi nilikuwa namkatia vya kwake. Nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Agosti 25
Alden hapokei simu.

Septemba 2
Mashua imepandishwa nchi kavu. Nimeziosha fito peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Umechelewa, Mreno." Haikuwa sawa.

Septemba 9
Wamempeleka leo. Nilikwenda kusimama njiani, nimevaa koti la kanisani ili aweze kunitukana. Corliss akateremsha kioo. Alden akatoa mkono, akanishika kama anavyowashika wateja, kwa nguvu, mara mbili.

"Asante kwa kutoka nasi," akasema. "Karibu tena msimu ujao."

Sijui kama alikuwa amenisahau au ananiadhibu. Naomba iwe ananiadhibu. Alden akiadhibu, baada ya mwezi huchoka.

Septemba 22
Jumapili. Corliss alinipitia. Alden amepungua, wamemvalisha fulana ya mtu mwingine. Aliniita bwana wa mafuta ya kupashia nyumba joto, akalalamika kwamba tangi la nyumbani nililijaza nusu. Niliomba radhi. Muuguzi naye analalamika kwamba Alden anawafundisha wazee wa kike wimbo wa mjane fulani mwenye kofia nyekundu. Nikamwambia aibu iliyoje, atakuwa ameutoa wapi.

Septemba 29
Corliss ana kazi. Mvua.

Oktoba 6
Nilibeba gurudumu la ufito wa tatu, lililosalia na waya wake. Nimeupitisha mara tatu mezani kwangu kabla ya kuja, safi kabisa. Nilitaka tu awe na kitu cha kushika. Koleo walinizuia nalo mlangoni, wanasema ni silaha. Nikawaambia sura yangu mmeiruhusu kupita.

Alden alinitazama kwa adabu ile. Nikamwekea gurudumu mapajani, nikashika ncha ya waya na kurudi nyuma kwenye ukumbi, mzee wa kike mmoja akainua miguu nipite. Alden akafumba macho. Gumba likashuka lenyewe kwenye waya.

Nyekundu ikapita. Ya mia na hamsini ikapita. Karibu na njano akasimama. Akarudi inchi mbili.

"Hapa."

Nilikwenda nikaweka gumba. Hakuna kitu. Nikainama nikauweka waya mdomoni, maana midomo yangu bado inasikia. Kilikuwepo. Kidogo kama mbegu ya stroberi.

"Nani kaufunga huu?" akauliza.

"Serafim."

"Muongo wewe." Akacheka, kicheko chake kile cha pua. "Serafim hapitishi kikunjo."

"Unamjua?"

"Nimjue? Atakuja sasa hivi. Huwa anachelewa, anasingizia anasali." Akautazama mlango. Halafu akanivuta koti, nikainama, akaninong'oneza kama mtu anayemwonea haya mwenzake. "Akija usimwambie umekuta kikunjo. Nitakikata mimi. Yeye akijua atajisikia vibaya."

Akanyoosha mkono wa kulia apewe koleo. Mkono ulikaa hapo, umefunguka. Sikuwa nalo. Tulikaa hivyo mpaka wakaleta chai.

Oktoba 13
Corliss hakuja.

Oktoba 20
Hakuja. Wanasema milia wakubwa wanapita kuelekea kusini, kila mtu anajaza mashua. Nimekula mkate na jibini.

Oktoba 24
Corliss, daftari ni lako, ulilinunua wewe. Nalitia kwenye sanduku lako la barua leo, maana simu yako inanijibu yenyewe na mimi siongei na mashine. Ukilisoma utajua lile la wimbo, na la kaburi la mama yangu. Nisamehe la kaburi.

Najua kwa nini huji. Si rahisi kuitwa Lurana kila unapoingia. Huna haja ya kuingia, kaa kwenye gari usikilize redio.

Lakini uliapa Jumapili saa nne, na zimenipita mbili mfululizo. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi kuanzia saa tatu, gurudumu mkononi. Uje na lile koleo dogo la baba yako, limo ndani ya kopo la kahawa. Litie chini kabisa ya mkoba wako. Mimi wananipekua, wewe hawatakupekua.